Mkono Uliotafuta Kichwa

"Mama Mkubwa, kwa nini wewe hukai chini?"

Tiana alikuwa na miaka tisa alipouliza, na aliuliza kwa sauti, mbele za watu, jinsi watoto wanavyouliza mambo yasiyofaa kuulizwa. Ilikuwa siku ya ubatizo wa mdogo wake Noah, kule Jordbro, nje ya Stockholm, nyumbani kwa mama yao Gladness. Sebuleni meza ilikuwa imesukumwa ukutani, mkeka umetandikwa, na kina mama wameketi juu yake miguu wameikunjia upande mmoja, wanamenya ndizi na kupiga soga. Wote isipokuwa Flaviana, dada mkubwa wa Gladness. Yeye alikuwa jikoni, amesimama kwenye sinki, anamenya fungu lake peke yake na kudaka mazungumzo ya wenzake kupitia mlangoni, kama mpangaji asiyealikwa.

"Huku kuna mwanga," alimjibu mtoto.

Tiana akatazama juu. "Huku kuna taa moja. Sebuleni zipo tatu."

"Kamwulize mama yako chumvi iko wapi."

"Si hiyo hapo mbele yako?"

Flaviana akashusha kisu. "Tiana. Nenda kacheze."

Mtoto akaenda kucheza, lakini swali hakuondoka nalo. Alimwachia Mama Mkubwa pale kwenye sinki, pamoja na maganda.

Ukweli ni kwamba wakati ule Flaviana alikuwa amekwisha kosana na magoti yake, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa muda mrefu. Hakuanguka, hakugongwa na gari, hakuna siku ambayo angeweza kusema ndipo yalipoanza. Yaligoma tu, moja baada ya jingine, kama wafanyakazi wanaoambiana. Alifanya kazi katika nyumba ya wazee, vituo vichache vya tunnelbana, treni ya chini ya ardhi, kutoka Bredäng alikoishi, na kutwa nzima kazi yake ilikuwa kuinua watu: huyu kutoka kitandani, yule kutoka chooni, mwingine kutoka kwenye kochi alikojichimbia hataki kuoga. "Haya, tunainuka, taratibu, hodari wewe," aliwaambia kwa Kiswidi chake kizuri. Kisha akirudi nyumbani, yeye mwenyewe aliinuka kitini kwa kung'ang'ania meza, na meza ikalia.

Ngazini ndipo palipokuwa na aibu. Lifti ya jengo lao ilikuwa inaharibika kila inapojisikia, na kila Flaviana alipopanda kwa miguu, magoti yalitoa mlio kama wa mtu anayetafuna bisi. Mumewe Optatus, dereva wa basi, mtu asiyejua kunyamaza panapostahili kunyamaza, alikuwa akimfungulia mlango kabla hajabisha.

"Karibu, mama. Nimekusikia tangu ghorofa ya kwanza."

"Ungekuwa na masikio hayo ninapokuambia utoe takataka, ningeshukuru."

Zaidi ya Optatus, hakuna aliyejua. Flaviana alikuwa kifungua mimba. Baba yake alimwita Tingatinga tangu utotoni, kwa sababu akishika jembe alikuwa harudi nyuma, na tangu lini tingatinga likapiga simu nyumbani kusema linaumwa? Wadogo zake walisoma kwa mgongo wake. Gladness mwenyewe alikuja Stockholm akafikia kwake. Mtu wa namna hiyo hawezi kusimama katikati ya sebule na kutangaza kwamba mkeka unamshinda. Kwa hiyo akawa mtu wa kupenda mwanga wa jikoni.

Kisha baba yao akafariki, na wale dada wawili wakapanda ndege kwenda Bukoba kumzika.

Hapa lazima jambo moja lieleweke. Kwao, kwa Wahaya, mwanamke akimsalimia mzazi wake hupiga magoti. Hakuna mjadala wala "leo nimechoka". Na mama yao, ambaye wajukuu wanamwita Bibi, macho yake yalikuwa yamekwisha kupoteza nuru miaka kadhaa kabla ya hapo, kwa hiyo alijiwekea utaratibu wake mwenyewe: anayepiga magoti mbele yake, yeye hunyoosha mkono akamshika kichwani. Kwa kichwa anamjua mtu. Huyu kisogo chake kimetokeza, ni mtoto wa Vedasto. Huyu nywele zake zinachoma, hajachana tangu juzi, aibu kwake.

Nyumba siku ile ilikuwa imejaa waombolezaji. Wanawake wenye umri wa kumzaa Flaviana walikuwa wanashuka na kuinuka mbele ya Bibi kana kwamba wana springi. Zamu ya Flaviana ikafika. Akasogea, akajaribu kushuka, goti la kulia likamwambia hapana. Akainama kiunoni, mikono juu ya mapaja, akatoa salamu ya Kihaya kutoka huko juu alikoishia.

Mkono wa Bibi ukanyooka pale ulipozoea kukuta kichwa. Ukapapasa hewa. Ukaenda kushoto, ukaenda kulia, haukupata kitu.

"Nani huyu ananisalimia amesimama?"

Shangazi mmoja akasema, "Ni Flaviana wako. Yule wa Ulaya."

"Aa," akasema Bibi, na mkono ukarudi ndani ya kanga.

Flaviana angeweza kusema maneno mawili tu: mama, magoti. Hakuyasema. Aliwatazama wale vikongwe wenye springi zao, akaona afadhali aitwe mwenye maringo kuliko aitwe aliyekwisha. Na maringo kweli akaitwa, mpaka kule jikoni kwenye masufuria.

Tangu hapo Bibi akawa na adabu kwenye simu. Hilo ndilo lililomuuma Flaviana kuliko goti. Mama ambaye zamani alikuwa akimgombeza kwa nusu saa nzima kuhusu mambo ya mwaka jana, sasa anasema, "Habari za huko? Salama? Haya, asante kwa kupiga," kama anaongea na mtu wa benki.

Halafu, vuli moja ya mvua ya ovyo, Gladness akapiga simu anacheka na kulia kwa pamoja. Kaka yao aliyebaki nyumbani amefanikisha viza. Bibi anakuja Stockholm mwezi wa sita, kwenye kipaimara cha Tiana.

"Si umefurahi?" Gladness akauliza.

"Nimefurahi sana," Flaviana akasema, akatazama magoti yake kama mtu anavyomtazama mpangaji asiyelipa. Atamsalimiaje? Mkono utanyooka tena, uwanja wa ndege wa Arlanda, mbele ya dunia nzima. Ukikosa kichwa mara ya pili, basi. Hakuna mara ya tatu na mama wa umri ule.

Akaenda kituo cha afya. Mtaalamu wa viungo alikuwa kijana mwenye ndevu laini. Akamkunja mguu huku na huku, akauliza maumivu yakoje kuanzia sifuri hadi kumi.

"Ya goti, au ya kuulizwa?" Flaviana akanong'ona kwa Kiswahili.

"Samahani?"

"Saba."

Kijana akamweleza kwamba hakuna kilichovunjika. Magoti yamechakaa kiasi, lakini tatizo kubwa ni kwamba ameacha kuyakunja, nayo yameacha kukunjika. Inabidi ayarudishie mwendo wake, kidogo kidogo, kwa utulivu. Akashauri yoga, mazoezi ya kujinyoosha na kupumua kwenye mkeka.

Flaviana alitoka pale anachemka. Mtu amekuja na magoti, anaambiwa akalale! Alimsimulia mwenzake wa kazini, Truphosa, Mkenya mwenye kicheko cha kusikika wodi mbili, akitegemea kuungwa mkono.

"Aki Flavi, si ukuje tu Alhamisi," Truphosa akasema. "Mimi naenda kila wiki. Na iko hapo kwenu Bredäng, chini ya jengo la jirani yako. Hujawahi kuona watu wakiingia na mikeka?"

"Nilidhani ni msikiti."

Truphosa alicheka mpaka mzee mmoja akabonyeza kengele kuuliza kuna nini.

Chumba chenyewe kilikuwa chini kabisa ya jengo, kinanuka kahawa na soksi. Wengi waliokuja walikuwa wastaafu. Mwalimu aliitwa Alma, mwanamke mwembamba mwenye msuko mmoja wa mvi, zamani alikuwa mcheza dansi, na sauti yake ilikuwa ya chini hivi kwamba Flaviana alifikiri kuna mtu amelala chumba cha pili.

"Känn efter," Alma alisema, maneno ambayo Waswidi huyatumia wakitaka mtu atulie asikilize mwili wake unasema nini. Aliyasema walipolala chali. Aliyasema walipogeuka ubavu. Aliyasema walipoinua mkono mmoja, mkono tu, kitu ambacho Flaviana alikuwa akikifanya maisha yake yote bila kuombwa maoni.

"Nisikilize nini?" alimnong'oneza Truphosa. "Nimejisikiliza tangu saa kumi na moja alfajiri. Kila kitu kinauma. Tuendelee."

"Wewe unafanya ni kama unafukuzwa na polisi," Truphosa akamjibu akiwa amejikunja kama konokono.

"Nataka tumalize."

"Hakuna kumaliza hapa. Ni kufanya tu."

Hilo nalo likamkera. Flaviana alijua kazi kama kitu chenye mwisho: kitanda kimetandikwa, mzee ameogeshwa, sufuria imesuguliwa. Hapa watu wanapinda mgongo kama paka, wanaunyoosha, wanaupinda tena, na hakuna hata mmoja anayeuliza umepindwa kwa madhumuni gani. Basi yeye akawa anapinda haraka, ananyoosha haraka, halafu anawasubiri wenzake.

"Polepole, Flaviana," Alma akamwambia kwa upole.

Jamani! Mswidi anamfundisha polepole mtu wa Bukoba! Hawa hawa ambao treni ikichelewa kidogo wanatazamana kama kuna msiba!

Nyumbani Optatus alikuwa akimngojea na swali lake la Alhamisi. "Leo mmelala vizuri?"

"Optatus, usinianze."

"Nauliza tu. Mimi hulala bure hapa hapa kwenye kochi, wala sijifungashii mkeka."

Ikaendelea hivyo mpaka theluji ikashika. Flaviana hakuona mabadiliko yoyote, au ndivyo alivyowaambia watu. Subira ikamwishia. Jumapili moja, baada ya misa, akaamua kujaribu mwenyewe bila ya hao wapumuaji. Akaingia chumbani, akafunga mlango, akavuta picha ya usichana wake, akashuka kwa mara moja, puu, magoti yote mawili sakafuni kati ya kitanda na kabati.

Akashuka kweli. Kwa dakika nzima alijisikia malkia. Kisha akataka kuinuka.

Alijaribu kwa kitanda, kitanda kikateleza. Alijaribu kwa kabati, mlango wa kabati ukafunguka ukampiga usoni na koti la Optatus. Mwishowe ikambidi amwite mwenye koti.

Optatus akachungulia. "Unasali?"

"Nisali nini saa hizi? Niinue!"

Optatus, ambaye anaendesha basi refu la kupinda katikati lakini mwenyewe hajapinda kitu tangu ndoa yao, akamshika kwapani akavuta. Kitu kikalia, na safari hii hakikuwa goti. Kilikuwa mgongo wake. Wakabaki sakafuni wote wawili, mke kapiga magoti, mume kalala ubavu anahema.

"Tumpigie nani?" akauliza.

"Usimpigie mtu yeyote. Ukimpigia Gladness nakuacha."

"Utaniachaje na huwezi kuinuka?"

Hapo Flaviana akacheka bila kupenda, kisha akaanza kulia, na Optatus akanyamaza, jambo la nadra. Akajikokota mpaka jikoni kwa viganja na magoti, akarudi anasukuma kigoda, na kwa kigoda hicho mkewe akapanda kitandani kama mtu anayetoka shimoni.

Alhamisi iliyofuata Flaviana akaenda kumuaga Alma. Alifika mapema, hata koti hakuvua.

"Siji tena," alisema. "Nashukuru, lakini mimi sina muda wa kupumua. Mama yangu anakuja mwezi wa sita na haya magoti ni yale yale."

Alma hakumbembeleza. Alikuwa anapanga mito. Akauliza tu, "Unayatakia nini?"

"Nini?"

"Magoti. Unataka kufanya nayo nini?"

Watu wamemuuliza yanauma wapi, yanauma lini, yanauma namba ngapi. Hili hakuwahi kuulizwa. Na kwa kuwa alikuwa amekasirika, na mtu aliyekasirika husema ukweli ili mradi awaondokee watu, akaeleza yote: Jumapili aliyokwama chumbani, Bukoba, msiba, mkono uliopapasa hewa, ile "Aa".

Alma akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kiti, akaketi, akafumba macho, akanyoosha mkono mbele. "Kimo hiki?"

"Chini kidogo."

Mkono ukashuka. "Hapa?"

"Hapo hapo," Flaviana akasema.

"Kushuka unajua," Alma akasema akiwa bado kafumba macho. "Unashuka kama gunia, lakini unashuka. Sisi tutajifunza kurudi juu tu. Vua koti."

Kuanzia hapo mambo yakawa magumu zaidi, si mepesi. Alma alirundika mito mpaka ikafika karibu na goti, na Flaviana akawa anashuka kidogo tu, kama mtu anayeonja maji ya kuoga, kisha anarudi. Mguu mmoja mbele. Mikono juu ya paja. Pumzi nje. Ngoja mpaka usikie mguu umepokea uzito kweli kweli, ndipo unyanyuke. Akiwahi, Alma anamrudisha. Pale panapoanza kuvuta, asipigane napo, akae hapo hapo apumue mpaka palegee penyewe. Flaviana alikuwa hajawahi kukaa na kitu kinachomuudhi bila kukigombeza. Ilimtoa jasho kuliko kumgeuza mzee mzito kitandani.

Wiki zilivyopita wakawa wanaondoa mto mmoja, halafu mwingine. Darasa zima likajua habari za Bukoba, maana Truphosa hakuumbwa kutunza siri, na wastaafu wote wakataka kusalimia. Ikawa kabla ya kahawa wanapanga mstari, Alma kafumba macho kitini, na mmoja mmoja wanampigia magoti. Bridget, aliyemzidi Flaviana miaka mingi, alishuka na kuinuka bila kushika chochote, kisha akauliza kama anaruhusiwa kurudia.

"Angalia huyo," Flaviana akasaga meno. "Hajawahi kumpigia goti hata askofu, na anashuka kama unyoya!"

"Amefanya yoga tangu sisi tukiwa kwa nepi," Truphosa akasema. "Wacha wivu, kuja zamu yako."

Zamu yake ikaja. Mkono wa Alma ukagusa kichwa chake, mto mmoja tu ukiwa umebaki chini ya magoti. Alipoinuka, meza ya kahawa ilikuwa mbali, hakuna cha kushika, na aliinuka. Akakasirika kwamba hakuna aliyepiga makofi. Kumbe wote walikuwa wamefumba macho, wanajisikiliza.

Ilipofika masika, Gladness aliambiwa ukweli hatimaye, na badala ya kulia akaja na mpango. Alikuja nao Bredäng pamoja na Tiana, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na mitano na urefu wa kumpita mama yake.

"Dada, mbona rahisi. Mama haoni. Tiana atapiga magoti mbele, wewe utasimama nyuma yake useme salamu. Mama ataweka mkono kwenye kichwa cha Tiana."

Flaviana akamtazama Tiana. Alikuwa na rasta ndefu za zambarau.

"Na kichwa hicho?"

"Tutamfunga kitambaa."

"Men mamma!" Tiana akaruka kwa Kiswidi, halafu akageukia Kiswahili ili aeleweke vizuri. "Tumdanganye Bibi? Siku ya kwanza? Na kipaimara changu?"

"Si kudanganya. Ni kusaidia."

"Gladness," Flaviana akasema, "Mama alimjua mtoto wa Vedasto kwa kisogo. Unataka amwekee mkono mtoto wa miaka kumi na mitano aseme ni mimi? Nina mvi zaidi ya za Alma!"

"Sasa ukikwama? Mbele ya watu wote wa Arlanda?"

"Nitakwama mwenyewe," Flaviana akasema, kwa hasira iliyomshangaza hata yeye. "Goti ni langu."

Siku ikafika. Ukumbi wa kuwasili ulikuwa umejaa maua, bendera ndogo, na watu wanaotazama simu. Optatus alikuwa kavaa suti. Gladness alikuwa kashika leso tayari. Milango ikafunguka, na mfanyakazi wa uwanja akatokea anasukuma kiti cha magurudumu, na ndani ya kiti Bibi, mdogo kuliko walivyomkumbuka, amejifunga kanga juu ya koti la baridi la kuazima, uso kauinua kama anayesikiliza redio ya mbali.

"Mmefika?" akauliza kwa Kihaya. "Nani yupo?"

Flaviana akasogea mbele. Akataka kushuka haraka amalize, kama kawaida yake, na hapo hapo akasikia ile sauti ya chini ya kuudhi: känn efter. Akasimama. Akasikiliza. Goti la kulia lilikuwa linaogopa, si kwamba limekataa. Akaweka mikono juu ya paja, akashuka polepole mpaka sakafu baridi ikamgusa goti moja, kisha la pili. Akatoa salamu.

Mkono ukanyooka. Ukakuta kichwa.

Ukasimama hapo. Ukapita kwenye paji la uso, ukarudi kwenye utosi, ukashuka mpaka sikio. "Flaviana," Bibi akasema.

"Ndiyo, Mama."

Na hapo Bibi, aliyembania maneno tangu msiba ule, akaanza salamu kamili. Umeamkaje. Nyumbani wameamkaje. Mume wako. Kazi. Hao wazee unaowatunza. Kila jibu likazaa swali, mkono bado umekamata kichwa, na abiria wanazunguka na masanduku yao kama maji yanavyozunguka jiwe. Flaviana akajibu yote. Ilipofika habari za migomba ya jirani, magoti yalikuwa yanawaka moto. Mungu wangu, aliwaza, miezi yote hii nimejiandaa kushuka na kuinuka, hakuna aliyenikumbusha kwamba mama huyu huwa hamalizi! Hakupigana. Akakaa na ule moto, akapumua nje, akapumua tena.

Mkono ukaacha kutembea. "Mbona unapumua kama mtu aliyebeba maji?"

"Naandaa kuinuka, Mama."

"Tangu lini kuinuka kunaandaliwa?"

Mguu mmoja mbele. Mikono pajani. Akangoja mpaka mguu ukapokea uzito. Optatus akaunyoosha mkono wake, akakumbuka mgongo, akaurudisha. Flaviana akainuka peke yake, akayumba kidogo, akasimama.

"Ni magoti, Mama," akasema kutoka juu. "Na siku ile ya msiba yalikuwa ni magoti. Hayakuwa maringo."

Bibi akapiga mkono wa kile kiti. "Na wewe ukanyamaza!"

"Nikanyamaza."

"Mjinga mkubwa! Mimi nimekusema kwa majirani wote, mpaka kwa padri! Sasa nikirudi nitaanzia nyumba ipi kusahihisha?" Akaendelea kugomba mpaka kwenye maegesho, akaingizwa garini anagomba, akafungwa mkanda anagomba. Flaviana alikaa kiti cha nyuma karibu naye, anatukanwa njia nzima, na hakutamani safari iishe.

Wiki iliyofuata, siku ya kipaimara, meza ya sebule ya Jordbro ikasukumwa tena ukutani na mkeka ukatandikwa. Tiana aliingia kuchukua beseni la ndizi akakuta Mama Mkubwa ameketi chini katikati ya wenzake, miguu kaikunjia upande, anamenya na kulalamika kwamba kisu hakina makali. Tiana akasimama anamtazama, mkono kaunyoosha tayari kumwinua. Flaviana akaona anavyotazamwa, akajua ni swali gani limerudi.

"Usiangalie taa," akamwambia. "Siku ile ya ubatizo wa Noah kukaa chini nilikuwa naweza. Kuinuka ndiko kulikonishinda, na sikutaka mtoto wa kuhesabu taa ahesabu na hilo. Sasa ondoa huo mkono wako, nainuka mwenyewe."